Amedeo wa Aosta: mwanamfalme wa Italia aliyezikwa Nyeri

Swali: "Mwalimu, salaam. Nafundisha shule ya upili hapa Nyeri. Juzi nilipeleka wanafunzi kwenye kanisa la Waitaliano, lile lenye mabaki ya mateka wa vita, na humo tukaona kaburi la Duke wa Aosta. Aliyetutembeza alisema marehemu alikuwa mwungwana aliyeheshimiwa hata na maadui zake. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) na alipigana Ethiopia, na kwake Waitaliano hawakuwa na sifa hiyo. Huyu mtu alikuwa nani hasa? Alipigana vita gani? Kwa nini mtu wa ukoo wa kifalme aachwe huku kwetu? Na je, ndiye yule aliyepanda Ruwenzori?"

Nianze na hilo la Ruwenzori, maana ni jepesi. Siye. Aliyefika kileleni mwaka 1906 ni Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, ambaye ni baba mdogo wa huyu wa Nyeri. Ndiye aliyekipa kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,109, jina la Malkia Margherita wa Italia, nalo limebaki kwenye ramani za Uganda na Kongo hadi leo. Ukoo wao wa Savoy, uliotawala Italia, ulipenda kurudia majina, kwa hiyo hujakosea peke yako.

Mliyemwona Nyeri ni Amedeo wa Savoy, Duke wa tatu wa Aosta. Alizaliwa Torino tarehe 21 Oktoba 1898, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa na miaka 43. Hakuwa mtoto wa mfalme, ingawa nusura tawi lao likikalie kiti cha ufalme wa Italia. Babu yake, naye Amedeo, aliitwa kuwa mfalme wa Hispania, akatawala miaka miwili hivi, akachoshwa na fitina za huko, na Februari 1873 akajiuzulu na kurudi kwao. Baba yake, Emanuele Filiberto, alikuwa binamu wa Mfalme Vittorio Emanuele III na ndiye aliyekuwa mrithi mpaka mfalme alipopata mtoto wa kiume mwaka 1904. Mama yake, Hélène, alitoka katika ukoo wa Orléans wa Ufaransa. Tangu mtoto huyo wa mfalme azaliwe, tawi la Aosta likabaki pembeni, nalo likajitafutia heshima jeshini.

Amedeo alipelekwa Uingereza kusoma akiwa mdogo, na Kiingereza chake kilikuwa safi. Usilisahau hilo, lina kazi yake mbele. Baadaye akaingia chuo cha kijeshi cha Nunziatella, Napoli. Italia ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1915 alikuwa hajafikisha miaka 17, akajitolea akaanza kama askari wa kawaida wa mizinga. Baba yake, aliyekuwa akiongoza Jeshi la Tatu upande wa mto Isonzo, mpakani na Austria, aliagiza mwanawe asipendelewe. Alipanda vyeo hukohuko vitani.

Vita vilipokwisha akamfuata baba yake mdogo Somalia, ambako Duke wa Abruzzi alianzisha mashamba makubwa kando ya mto Shabelle mwaka 1920, mahali ambapo leo ni mji wa Jowhar. Hapo ndipo alipoanza kuijua Afrika, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu wa karibu mita mbili. Huo urefu, inasimuliwa, ulimponza. Mfalme Vittorio Emanuele III alikuwa na kimo cha mita moja na nusu na ushee, na Amedeo alitoa utani mmoja kuhusu kimo hicho na asili ya malkia, aliyetoka Montenegro. Utani ukafika usikotakiwa kufika. Kama hicho ndicho chanzo au kulikuwa na mengine, mwaka 1921 aliondoka Italia akaenda Kongo ya Wabelgiji. Huko Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, akafanya kazi katika kiwanda cha sabuni kwa jina la Amedeo Della Cisterna, alilochukua kwa bibi yake mzaa baba. Fikiria: mwanamfalme wa Savoy akipiga kazi kiwandani katika mji ambao Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya sokoni.

Aliporudi alimalizia shahada ya sheria Palermo mwaka 1924. Mada ya tasnifu yake ilikuwa uhusiano wa kisheria kati ya dola za kisasa na wenyeji wa makoloni yao. Wanaomsifu huitaja tasnifu hiyo kama ushahidi kwamba aliwafikiria Waafrika. Mimi naona inathibitisha kwamba alifikiria namna ya kuwatawala, na hilo ni jambo jingine.

Mwaka uliofuata alikuwa Libya. Hapa wasimulizi wengi hupita haraka: jangwa, ngamia, kijana shujaa, basi. Ni kweli aliongoza vikosi vya ngamia huko Sahara, na ni kweli alijifunza urubani, akawa anapeleleza jangwa kutoka angani. Lakini vita vile vilikuwa vita gani? Italia ilikuwa inavunja upinzani wa Walibya, na mwaka 1930 ilianza kuwahamisha kwa nguvu watu wa Cyrenaica, mashariki mwa Libya, wapatao 100,000, wafugaji pamoja na wanyama wao, ikawafungia kwenye kambi zilizozungushiwa seng'enge, na maelfu wakafia humo. Omar al-Mukhtar, mzee aliyeongoza upinzani, alinyongwa Septemba 1931 mbele ya umati uliokusanywa kwa lazima. Mmoja wa majenerali wakuu wa kampeni hiyo ni Rodolfo Graziani, na kijana wetu alipata sehemu ya malezi yake ya kijeshi chini yake. Sijaona ushahidi unaomhusisha binafsi na kambi zile. Ila huwezi kusimulia sifa alizopata jangwani ukaziacha kambi nje ya hadithi.

Mwaka 1927 alimwoa binamu yake Anna wa Orléans, wakazaa mabinti wawili. Baba yake alipofariki Julai 1931, cheo cha Duke wa Aosta kikawa chake. Mwaka 1932 akahamia rasmi jeshi la anga, akaongoza vikosi vya ndege huko Gorizia, akapanda hadi ujenerali. Familia ilikaa ngome ya Miramare, pale Trieste, ukingoni mwa bahari. Watu wa Trieste wana imani yao kuhusu ngome hiyo: anayelala humo hufia ugenini. Aliyeijenga, Maximilian wa Habsburg, alipigwa risasi Mexico mwaka 1867, na wengine wakaongezwa kwenye orodha, huyu wa Nyeri akiwemo.

Sasa tufike Ethiopia, ambako ndiko hasa ugomvi wa babu yako na mtembezaji wenu ulipo.

Italia iliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936, ikaunganisha Ethiopia, Eritrea na Somalia kuwa koloni moja kubwa. Graziani akawa makamu wa mfalme. Februari 1937, baada ya watu wawili kumrushia mabomu ya mkono, Waitaliano wenye silaha waliachiwa mji kwa siku tatu na maelfu ya raia wakauawa. Mwezi Mei yakafuata mauaji ya watawa wa Debre Libanos. Upinzani ukazidi badala ya kupungua, na mwishoni mwa mwaka huo Mussolini, mtawala wa Italia, akamwondoa Graziani, akamweka Amedeo.

Tofauti ilionekana mapema. Kunyonga watu ovyo kulipungua, na baadhi ya watu wa koo kubwa za Ethiopia waliokuwa wamepelekwa uhamishoni Italia wakarudishwa. Duke alipendelea kuwavuta machifu kwa mazungumzo. Hata Wahabeshi, yaani Waethiopia, waliompinga walikiri kwamba hakuwa Graziani. Mtembezaji wenu hakuwadanganya.

Lakini tazama upande wa pili. Sheria iliyomfunga Mwitaliano aliyeishi kinyumba na mwanamke Mwafrika ilitoka Aprili 1937, kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeisimamia, pamoja na sheria za ubaguzi zilizofuata. Na Aprili 1939, zaidi ya mwaka mzima baada ya kushika madaraka, yalitokea mauaji ya Zeret. Wafuasi wa Abebe Aregai, kiongozi wa wapiganaji wa Shoa, katikati ya Ethiopia, walikuwa wamejificha katika pango kubwa la Amezegna Washa pamoja na wake, watoto, wazee na majeruhi. Jeshi la Italia lilizingira mdomo wa pango likatumia gesi ya sumu ya haradali. Waliotoka wakiwa wamejisalimisha, wanaume walipigwa risasi. Waliokufa ni mamia, pengine zaidi ya elfu. Jambo hilo lilikaa gizani kwa miongo, mpaka watafiti walipoingia pangoni miaka ya 2000 wakakuta mifupa bado iko sakafuni. Haya yalitendwa na jeshi la mtawala mwungwana, si la Graziani.

Kwa hiyo babu yako na mtembezaji wote wamesema walichokijua. Mmoja anazungumzia tabia ya mtu, mwingine anazungumzia dola aliyoitumikia. Kosa huja pale tabia ya mtu inapotumiwa kuisafisha dola.

Vita Kuu ya Pili vilimkuta mahali pabaya. Koloni lake lilizungukwa na Waingereza, Sudan huku na Kenya kule, na njia ya Suez ilikuwa mikononi mwao. Mafuta, matairi na risasi alivyokuwa navyo ghalani ndivyo hivyo hivyo, nyongeza haiji. Miezi michache kabla ya vita alikwenda Roma akaeleza kwamba hawako tayari. Mussolini aliingia vitani Juni 1940 vilevile.

Kwenye karatasi jeshi lake lilitisha: watu karibu 290,000, theluthi mbili wakiwa askari Waafrika, wengi kutoka Eritrea na Ethiopia. Sudan, Waingereza walikuwa na askari wapatao 9,000 tu mwanzoni. Julai 1940 Waitaliano walichukua Kassala ya Sudan, wakaiteka Moyale ya Kenya, ndege zao zikaipiga Wajir. Agosti wakaitwaa Somalia ya Waingereza. Kisha wakasimama. Wapo wanaomlaumu kwamba angeshambulia Khartoum wakati ule mambo yangekuwa mengine. Mimi nadhani alihesabu vizuri kuliko wanaomlaumu, maana kusonga mbele kulikuwa kunakula mafuta ambayo hayarudi. Alichokosea ni kuamini kwamba atasubiri salama milimani mpaka Ujerumani imalize vita Ulaya. Pia hakujua kwamba Waingereza walikuwa wanazisoma simu zake za siri. Walijua anapanga nini, wakati mwingine kabla makamanda wake mwenyewe hawajapata amri.

Januari 1941 Jenerali Platt wa Uingereza aliingia kutoka Sudan. Kutoka Kenya akaja Jenerali Cunningham, na humo ndimo babu yako alimokuwa: Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na Wanigeria, Waghana wa leo na Waafrika Kusini. Kismayu ilianguka katikati ya Februari, Mogadishu tarehe 25 mwezi huohuo, Harar tarehe 26 Machi. Kaskazini, mji wa Keren huko Eritrea ulishikilia kuanzia mwanzo wa Februari hadi 27 Machi, na huko askari wa Eritrea na wa Italia walipigana vikali kuliko mahali pengine popote katika vita hivi. Addis Ababa ilichukuliwa tarehe 6 Aprili. Haile Selassie aliingia mjini tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu Waitaliano waingie.

Duke alikuwa ameshaondoka Addis Ababa. Angeweza kupanda ndege kurudi kwao. Badala yake alikwenda na watu kama 7,000 kwenye mlima wa Amba Alagi, huko Tigray, unaopanda zaidi ya mita 3,000 na kuikalia barabara ya kwenda Asmara. Mahali penyewe pana historia: Desemba 1895 Wahabeshi walimwulia hapo Meja Toselli na kikosi chake, miezi michache kabla ya vita vya Adwa, ambako Wahabeshi waliwashinda Waitaliano. Waitaliano waliijua vyema hadithi hiyo.

Kuzingirwa kwao hakukuwa na fahari yoyote. Askari Wahindi wa jeshi la Waingereza walishambulia upande mmoja, Waafrika Kusini wakaja upande mwingine, na wapiganaji wa Tigray wa Ras Seyoum wakapanda nao. Baridi ya usiku kule juu, majeruhi kwenye mashimo ya mwamba, dawa hakuna. Siku za mwisho kombora liligonga ghala la mafuta, mafuta yakatiririka yakaingia kwenye maji ya kunywa yaliyobaki. Kwa watu walio juu ya jabali, hapo mambo yamekwisha. Duke alimtuma msaidizi wake, Jenerali Volpini, akazungumze na Waingereza. Wapiganaji wa kienyeji wakamwua njiani. Hilo nalo liliharakisha mapatano, kwa sababu Waitaliano waliogopa kuangukia mikononi mwa Wahabeshi kuliko kitu kingine. Walijua wana deni nao.

Tarehe 19 Mei walishuka. Waingereza waliwapa heshima za kijeshi: askari wa Italia walipita mbele ya gwaride la washindi wakiwa na silaha zao, kisha ndipo wakaziweka chini. Heshima hiyo ilikuwa na bei, maana kwa masharti ya mapatano Waitaliano walikabidhi silaha bila kuziharibu na kuonyesha walikotega mabomu ya ardhini. Italia ilimpa Duke nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa. Na hapa ndipo jina la "mwungwana aliyeheshimiwa na maadui" lilipozaliwa. Maadui wanaotajwa ni maofisa wa Kiingereza, na aliongea nao lugha yao kama mtu aliyesoma pamoja nao. Waingereza walifaidika kumwonyesha kama adui mwema aliyeshindwa kiungwana, nao Waitaliano, baada ya aibu zote zile, walihitaji shujaa asiye na doa. Ras Seyoum na watu wake hawakuulizwa maoni.

Nakupa tukio moja la kuwaambia wanafunzi wako, kwa kuwa halimo katika maelezo ya pale kanisani. Tarehe hiyohiyo 19 Mei, kusini mwa Ethiopia, penye Kolito, kando ya mto Bilate, kikosi cha 1/6 cha Keya, kilichokuwa cha Tanganyika, kilikuwa bado kinapigana na vifaru vya Italia. Sajenti Nigel Leakey, mtu wa Kenya, alirukia kifaru kimoja, akakifungua mfuniko kwa mikono na kuwapiga risasi waliokuwa ndani, akafa akijaribu kingine. Alipewa Msalaba wa Victoria, na mwili wake haukupatikana. Kwa askari wa Keya vita havikuisha Amba Alagi. Viliendelea hadi Gondar, kaskazini mwa Ethiopia, iliposalimu amri tarehe 27 Novemba 1941, na kama babu yako alikuwa mkali kwa kumbukumbu za Waitaliano, huenda alikuwa anakumbuka miezi hiyo.

Kuna kioja kimoja cha siku hizo. Tarehe 18 Mei, mapatano ya Amba Alagi yakikamilishwa, mdogo wake Duke, Aimone, alikuwa Roma akitangazwa mfalme wa Kroatia, dola iliyokuwa imeundwa chini ya Ujerumani na Italia. Hakuwahi kwenda kutawala.

Amedeo aliletwa Kenya akiwa mateka. Hakuwekwa kambini kama mateka wengine. Alikaa kwenye nyumba ya shambani karibu na Ol Donyo Sabuk, yaani Kilimambogo. Eneo lilikuwa na mbu wengi. Malaria ikamshika, kisha kifua kikuu kikamwandama, na mwisho akahamishiwa hospitali ya kijeshi Nairobi, ambako alifariki. Mateka wa Kiitaliano walikuwa wametapakaa nchi nzima wakati huo wakifanyishwa kazi. Kikanisa cha Mai Mahiu unachokipita ukishuka Bonde la Ufa ni chao, walikijenga walipokuwa wakitengeneza barabara ile.

Kuhusu kuachwa Nyeri, hakuachwa. Aliomba mwenyewe azikwe pamoja na askari wake. Baada ya vita serikali ya Italia ilikusanya mabaki ya mateka waliofia Kenya, ikajenga kanisa mlilotembelea, lililokamilika mwaka 1952, na askari 676 wakahifadhiwa humo pamoja naye. Wakati huo Italia haikuwa tena na mfalme. Wananchi walikuwa wamepiga kura mwaka 1946 kuondoa ufalme. Aimone alirithi cheo cha Duke, na mwanawe aliyezaliwa Septemba 1943 akapewa jina la Amedeo. Ukikuta mahali pengine "Amedeo, Duke wa Aosta" aliyefariki mwaka 2021, ni huyo mpwa, usije ukawachanganya wanafunzi.